Bondeni Hakuna Joto, Jamani

Wiki hii tena. Kikundi kimepanga matembezi ya siku moja ya majira ya baridi, mabonde mawili ya mto na msitu katikati, na mwanachama mpya ananiandikia: "Kiongozi, kwa kuwa hatupandi kileleni, nikiacha glavu si hakuna neno? Bondeni si kuna joto?" Lipo neno, ndugu yangu. Tena si dogo.

Najua imani hii inatoka wapi. Shuleni tulifundishwa kwamba kadiri unavyopanda ndivyo joto linavyopungua, kwa wastani nyuzi 6.5 za selsiasi kila mita 1,000. Sawa, lakini huo ni wastani wa angahewa, na hakuna anayetembea ndani ya wastani. Sisi tunaanza saa mbili asubuhi, mara nyingi baada ya usiku wa anga safi usio na upepo, na usiku wa namna hiyo huigeuza hesabu juu chini. Ardhi inatoa joto lake kwenda angani, hewa iliyoigusa inapoa, na hewa iliyopoa huwa nzito. Basi inateremka taratibu kama uji mzito, inapita kwenye makorongo yale yale yapitayo maji, inajaa bondeni na kutulia humo. Pale bonde linapobanwa na miamba, inarundikana. Ndiyo maana unakuta sakitu nyeupe, yaani tabaka jembamba la barafu juu ya nyasi, kando ya mto, na ukipanda mita mia mbili tu unaanza kufungua zipu ya koti.

Halafu wananiambia, "Jua litatoka." Litatoka, lakini litafika? Kwenye latitudo ya 50 Kaskazini, tarehe 21 Desemba, jua la adhuhuri halivuki digrii 17 juu ya upeo wa macho. Bonde lenye ukuta mrefu upande wa kusini linaweza lisiguswe na mwali hata mmoja kutwa nzima. Barafu uliyoikanyaga asubuhi kwenye mbao za daraja utaikuta pale pale alasiri, ila sasa miguu yako imechoka.

Usiku ukiwa na mawingu na upepo, mambo yanarudi kama vitabu vinavyosema: juu kunauma, chini kuna nafuu. Kwa hiyo mtu akiniuliza avae nini, mimi namuuliza jana usiku aliona nyota au hakuona. Watu hudhani nafanya mzaha.

Kuna jambo moja ambalo vitabu vya waongoza matembezi hulipita haraka mno. Husema jua likipanda, ukungu wa bondeni hutawanyika. Kiangazi, ndiyo. Katikati ya majira ya baridi jua lile dhaifu wakati mwingine hushindwa kabisa, na ukungu hukaa siku kadhaa. Mimi hutangaza "saa tano utakuwa umeondoka" kwa sauti ya kujiamini. Ni sauti tu. Msafara unahitaji kuisikia, ukungu haujali.

Msitu ni habari nyingine. Matawi ya misonobari huzuia sehemu ya joto la ardhi lisipotelee angani, kwa hiyo chini ya miti mara nyingi hukuti sakitu iliyojaa uwanda wa wazi kando yake. Lakini msitu huo huo unaiba mwanga. Kwenye latitudo hiyo hiyo mchana mfupi kabisa una urefu wa saa nane hivi tu, na giza la chini ya misonobari hulitangulia giza la nje. Tochi ya kichwani ni lazima, na betri yake ikae mfuko wa ndani, maana baridi huinyonga. Siku ya upepo mkali msituni hatuingii. Matawi huanguka, sina la kuongeza hapo.

Kuhusu muda, wengi bado tunatumia kanuni ya Naismith, mpanda milima wa Uskoti, ya mwaka 1892: kilomita tano hivi kwa saa, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Naismith hakuhesabu kusimama. Wala hakuongoza watu kumi na wanane ambao kila mmoja anavua sweta kwa wakati wake. Naongeza theluthi. Kwa nini theluthi na si robo? Sina jibu la kitaalamu, ila theluthi hunifikisha kabla ya giza.

Mawe ya kuvukia mto: mvua ikinyesha juu ya theluji, maji hupanda upesi, na jiwe ulilolikanyaga asubuhi linaweza kuzama alasiri. Kwenye ramani lazima liwepo daraja la kukimbilia, la sivyo njia hiyo haifai. Pamba mwilini, hapana: ikilowa jasho haikauki, na ukisimama tu unatetemeka. Vaa sufu.

Chakula cha mchana tutakula msituni, upande wa juu, nje ya hewa ile iliyolala bondeni. Anayetaka kula kando ya mto kwa sababu mandhari ni mazuri, ruhusa. Koti asije kuazima kwangu.