Confusion sio "kuchanganyikiwa" kila mahali, naomba tuelewane leo

Jana usiku nimeletewa tena. Karatasi ya kumpa mgonjwa mzee anaporuhusiwa kutoka wodini, kurasa mbili, imeshafasiriwa na mtu, mimi kazi yangu kuipitia tu. Nafika mstari wa nne: "Piga simu mara moja iwapo mgonjwa atachanganyikiwa." Nikaandika pembeni, badilisha hapa. Asubuhi mfasiri kanijibu, "Kaka, confusion ndo kuchanganyikiwa, cheki kamusi." Kamusi nimeicheki ndugu yangu, na hilo jibu nimepewa mara nyingi mno, sasa nimeamua kuandika hapa ili nikiulizwa tena niwe natuma linki.

Kamusi haijadanganya. Hilo neno la Kiingereza limetoka kwenye Kilatini confundere, kumimina vitu pamoja, na sisi kuchanganya ni hivyohivyo, mchele wa jana na wa leo kwenye gunia moja. Picha ni ileile, na hapo ndipo watu wanapoingia mkenge, maana wanaona mizizi imefanana wanadhani na matawi yamefanana.

Nenda mtaani kwenu Dar mwambie mtu, "Mama yako naona amechanganyikiwa." Uone atakavyokuangalia. Hajasikia kwamba mama kasahau leo Jumanne. Kasikia kwamba mama ameokota makopo, kwamba kuna kitu kwenye ukoo wao, na kesho majirani watajua. Ni kweli mwanafunzi anasema "hesabu zimenichanganya" na hakuna anayeshtuka, kijana anasema "yule dada kanichanganya" tunajua ni mapenzi, hata gari likishika spidi tunasema limechanganya. Lakini angalia vizuri, hapo kote kuna kitu kinachochanganya, hesabu, dada, injini. Ukishasema mtu "amechanganyikiwa" ukaishia hapo, bila kusema na nini, hasa mtu mgonjwa, hasa mtu mzima, umeshamtangazia ukichaa. Hii ndo sehemu ambayo kamusi haiwezi kukuonyesha kwa sababu kamusi inakupa neno moja moja, haikupi mtu aliyekaa mbele yako na nani anasikiliza.

Nimekalimani hospitalini miaka mingi, kwa simu na ana kwa ana, na hiki kitu nimekiona kwa macho. Nesi anauliza kwa Kiingereza kama bibi ana confusion. Mkalimani anatupa, "Bibi amechanganyikiwa?" Binti anaruka, "Hapana! Mama yangu hana hayo mambo, kwetu hakuna!" Nesi anaandika hakuna. Na tangu alfajiri bibi anamwita binti kwa jina la dada yake aliyefariki na anauliza treni inaondoka saa ngapi! Binti hakusema uongo, kajibu swali aliloulizwa, ila swali lenyewe sio la nesi.

Na nesi alikuwa anatafuta kitu kikubwa. Mzee anaweza kuwa mzima jana, leo hajui alipo, na chanzo kikawa maambukizi kwenye njia ya mkojo, au sukari imeshuka, au chumvi ya sodiamu kwenye damu imepungua. Hali hiyo inakuja kwa saa au siku chache, inapanda na kushuka, na mara nyingi ikitibiwa mapema inaondoka. Sio wazimu na sio ule usahaulifu wa uzeeni unaokuja taratibu kwa miaka. Kwenye kile kipimo cha fahamu cha Glasgow, cha mwaka 1974, mgonjwa anayejibu na kujua alipo anapata 5 kwenye maongezi, anayejibu lakini hajui yuko wapi wala ni lini anapata 4. Hiyo tofauti ya namba moja ndo neno tunalolibishania hapa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hiki kitu sisi tunakijua vizuri tu. Mtu ana homa kali anaongea na watu ambao hawapo, Tanzania nzima watakwambia malaria imempanda kichwani. Hakuna anayeona aibu kusema hivyo, maana ni ugonjwa umepanda na utashuka. Lugha inayo hiyo tofauti, tunaiacha nyumbani tukiingia kazini.

Mimi nauliza hivi: anajua yuko wapi? Anakutambua? Anaongea vitu havieleweki, na imeanza lini? Sasa hapa nakiri nina wasiwasi wangu. Mkalimani anafundishwa asiongeze wala asipunguze, na mimi swali moja la nesi nimeligeuza manne. Siku hizi namwambia nesi kwanza kwamba neno hili kwetu lina aibu ndani yake, naomba aniulizie dalili moja moja, lakini saa sita usiku wodi imejaa sio kila nesi ana muda wa kunisikiliza, na kuna siku nimeuliza mwenyewe tu nikalala na mashaka. Na "leo siku gani" nayo siiamini sana, bibi anayehesabu Ijumaa hadi Ijumaa anaweza kushindwa na akili yake ni nzima kabisa.

Maana nyingine za confusion nazipitia haraka. Umemsalimia mtu ukidhani ni mwingine, usiseme "nimekuchanganya na fulani", sema samahani nimekufananisha, ndo Kiswahili. Maelezo ya fomu yanagongana, huo ni mkanganyiko, neno zuri kwenye ripoti ila usimpelekee bibi. Na Biblia zetu zilishaliona hili zamani: pale King James, Biblia ya Kiingereza ya 1611, inaposema Mungu sio wa confusion, Union Version ya Kiswahili imeweka machafuko, na kwenye Zaburi ya 71 ambapo Kiingereza kinaomba nisitiwe confusion kamwe, yetu inasema nisiaibike milele. Neno moja la Kiingereza, wao wakaangalia linafanya kazi gani pale lilipo.

Mstari wa nne nimeurudisha hivi: "Piga simu mara moja ukiona mgonjwa hajui alipo, hawatambui watu anaowajua, au anaongea mambo yasiyoeleweka, na kabla ya hapo hakuwa hivyo." Mfasiri anasema ni mrefu, hautoshi kwenye kiboksi. Nimemjibu apunguze maandishi ya juu, na hayo maneno ya mwisho, "kabla ya hapo hakuwa hivyo", asiyaguse.