Naitrojeni kwenye matairi: unalipia nini hasa?

Gari likiingia na vifuniko vya kijani kwenye valvu, najua mwenye gari ataniambia nini: "Hayo ni ya naitrojeni, fundi, hayapungui." Naweka geji hivyo hivyo. Mara nyingi yamepungua.

Upepo wa kawaida nao ni naitrojeni, asilimia 78. Oksijeni ni 21, na kinachobaki ni agoni na vitu vidogo vidogo. Kwa hiyo unacholipia ni kuondolewa oksijeni na unyevu, basi. Ni kweli oksijeni hupenya kwenye mpira upesi kuliko naitrojeni. Jarida la Consumer Reports la Marekani lilijaza matairi ya aina 31 kwa psi 30 (psi ni kipimo cha presha), likayaacha mwaka mzima. Ya upepo yalipoteza wastani wa psi 3.5, ya naitrojeni 2.2. Tofauti ni psi 1.3 kwa mwaka! Msumari mmoja unamaliza hizo kabla ya jioni.

Wengine husema naitrojeni haipandi presha tairi likipata joto. Inapanda. Naitrojeni na upepo mkavu hupanda karibu sawa, takriban psi 1 kwa kila nyuzi 5 au 6 za Selsiasi. Kinachovuruga ni maji yanayotoka kwenye kompresa isiyomwagwa maji, maana yakigeuka mvuke presha inaruka zaidi. Kompresa yenye kikaushio humaliza tatizo hilo bila mtungi wowote wa naitrojeni.

Kuna jambo wauzaji hulipita kimya. Tairi lililolala bado lina hewa ndani. Ukilijaza mara moja hadi psi 32, hata kwa naitrojeni safi kabisa, karibu theluthi ya kilichomo ni ile hewa ya zamani, na oksijeni inabaki kama asilimia 7. Anayejua kazi hujaza, akatoa, akajaza tena.

Kwenye ndege kubwa sibishi. Machi 31, 1986, Boeing 727 ya shirika la ndege la Mexicana ilianguka nchini Meksiko: breki ilichemka, tairi lililojazwa upepo badala ya naitrojeni likalipuka angani, na watu wote 167 wakafa. Breki za gari la kwenda kazini hazifikii joto hilo.

Tairi la naitrojeni likipungua safarini, ongeza upepo wa kawaida tu, havigombani. Langu mimi natia upepo, nalipima mara moja kwa mwezi, asubuhi, kabla gari halijatembea.