Mguu wa hati: ngozi moja, vipande vitatu

Ukiitandaza mezani, hati hii ya mapatano ya ardhi ni kipande cha ngozi ya kondoo, mara nyingi hakizidi upana wa viganja viwili. Pande tatu zimenyooka. Wa nne umekatwa kwa mawimbi, na kwenye ukingo wake zimebaki nusunusu za herufi kubwa. Anayeiona mara ya kwanza hudhani panya wamepita hapo. La, ni kisu cha karani wa mfalme, na kilipita kwa makusudi.

Kazi yangu ni kusoma kumbukumbu za mahakama za Uingereza za karne ya 12 hadi ya 14, na katika hati zote nilizowahi kushika sijaona iliyobuniwa kwa akili kama hii. Waingereza huiita mguu, kwa kuwa ndiyo sehemu ya chini ya ngozi nzima. Watafiti wengi huiruka wakikimbilia kesi za mauaji na uasi, na mimi huwasikitikia.

Mambo yalikwenda hivi. Watu wawili wakishakubaliana kuhusu shamba, walifika mbele ya majaji wa mfalme, iwe Westminster, penye mahakama ya mfalme huko London, au popote majaji walipokuwa katika ziara zao za mikoani. Karani aliandika mapatano yao mara tatu katika ngozi moja: nakala mbili juu, ubavu kwa ubavu, na ya tatu chini yake, imelala kukingama. Kwenye nafasi kati ya nakala na nakala aliandika kwa herufi kubwa neno la Kilatini CYROGRAPHUM, jina la hati ya namna hii, kisha akapitisha kisu katikati ya neno lenyewe, mkono ukipinda huku na huku. Mpokeaji wa ardhi alichukua kipande chake, mtoaji chake, na mguu ukaenda hazina ya mfalme.

Sasa jaribu kughushi. Mwandiko unaweza kuuiga, wino utaupata. Lakini mawimbi ya ukingo wako hayana budi kulala sawasawa na ya mguu, na kila nusu ya herufi ikutane na nusu yake. Na huo mguu umefungiwa mahali usipofika. Hata ngozi yenyewe haikuchaguliwa ovyo. Richard FitzNigel, mweka hazina wa mfalme, alieleza katika miaka ya 1170 kwamba hesabu za serikali ziliandikwa kwenye ngozi ya kondoo kwa sababu ukiikwangua ili kubadili neno, doa linabaki na kila mtu analiona.

Hati za kukatwa zilikuwepo kabla ya hapo, ila zilikuwa za vipande viwili tu, kila upande na chake. Kimoja kikiungua, au warithi wakianza kugombana baada ya wazee kufa, nani ataaminiwa? Jibu lilikuja mwaka 1195. Mfalme Richard I alikuwa vitani ng'ambo, Normandy, na utawala wa Uingereza ulikuwa mikononi mwa Hubert Walter, askofu mkuu wa Canterbury. Tarehe 15 Julai mwaka huo ulikatwa mguu wa kwanza. Hatubahatishi: mgongoni mwake pameandikwa kwamba hii ndiyo hati ya kwanza kufanywa kwa mtindo wa nakala tatu, ili moja iwekwe hazina. Mmoja wa wahusika wake ni Theobald Walter, ndugu wa Hubert mwenyewe. Mali bila daftari hupotea bila habari, na askofu huyu alianza na mali ya nyumbani kwao. Utaratibu ulidumu hadi bunge lilipoufuta mwaka 1833, yaani miaka 638.

Kuna mtego hapa, na wanafunzi huuingia kila mwaka. Hati inaanza kwa Kilatini: haya ndiyo mapatano ya mwisho yaliyofanyika katika mahakama ya bwana mfalme. Inamtaja mdai na mdaiwa. Ukisoma upesi utadhani majirani wameshikana mashati. Mara nyingi ugomvi haukuwepo kabisa. Watu walikuwa wameshauziana, au baba anamgawia binti yake anayeolewa, wakafungua kesi ya makubaliano ili mahakama iwaandikie na kuwawekea nakala. Walilipa ada ya kuruhusiwa kupatana, na mfalme akapata chake. Kwa hiyo ukiona kesi, uliza kwanza kama ni kesi. Na bei iliyotajwa usiibebe kama ilivyo: katika hati za baadaye hujirudia viwango vilevile, kama maki 100 (maki ni kipimo cha fedha cha enzi hizo), ambavyo vilikuwa desturi ya makarani tu.

Jambo moja hunigusa kila mara. Mke aliyekuwa anaachia ardhi yake pamoja na mumewe, jaji alimhoji peke yake, mume akiwa hayupo, ajue kama ameridhia kwa hiari. Sisemi kwamba kila mke alithubutu kusema hapana. Lakini swali liliulizwa.

Halafu kuna kodi. Ardhi nyingine ilitolewa kwa malipo ya kila mwaka ya jozi ya glavu, pauni ya pilipili manga, au ua moja la waridi siku ya Yohana Mbatizaji. Nyingine ni chembe moja ya karafuu. Moja! Karafuu hiyo ilitoka visiwa vya Maluku, ikavuka Bahari ya Hindi hadi Misri, na wafanyabiashara wa Italia wakaipeleka kaskazini, zaidi ya miaka 500 kabla mkarafuu haujapandwa Unguja wala Pemba. Chembe hiyo kavu ilitosha kukumbusha kila mwaka shamba lilitoka kwa nani.

Leo miguu iko maelfu kwa maelfu kwenye Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka huko Kew, London, imepangwa kaunti kwa kaunti. Vipande vya wenye ardhi vingi vimepotea: moto, unyevu, kuhamahama. Mara chache kimoja huibuka katika karatasi za ukoo fulani. Niliwahi kusimama pembeni ya meza wakati mhifadhi akikisogeza kipande cha namna hiyo polepole kuelekea mguu wake. Mawimbi yakaingiana. Herufi R, iliyokuwa nusu kwa zaidi ya miaka 700, ikawa nzima.