Kimeng'enya kipo, lakini kimekaa wapi?

Ripoti ikija imeandikwa "BAP1: chanya" na basi, huwa nairudisha kwa aliyeiandika. Kwenye melanoma ya ndani ya jicho, saratani ya seli zinazotengeneza rangi ya mwili, nataka kujua kama rangi ya maabara inayoonyesha BAP1 ilipo imeshika kwenye kiini cha seli au imeishia nje yake, kwenye saitoplazimu. Mgonjwa wa kwanza na wa pili hawana matarajio sawa hata kidogo: wa pili ndiye wa kuhofiwa.

BAP1 ni kimeng'enya kinachobandua ubikwitini, kiprotini kidogo ambacho seli huvipachikia protini vingine kama alama. Kazi yake kubwa ni kuitoa alama hiyo kwenye histoni H2A, moja ya protini ambazo DNA imezizunguka, na hivyo kuchangia kuamua jeni zipi ziamke na zipi zinyamaze. Hiyo ni kazi ya ndani ya kiini. Kikibaki nje, ni kama mlinzi anayeshinda kijiweni: jina lake limo kwenye orodha ya mishahara, na ghala linaibwa vilevile.

Jeni yake iko kwenye kromosomu ya 3. Tayari ilijulikana kwamba melanoma za jicho zilizopoteza nakala moja ya kromosomu hiyo ndizo hupenda kusambaa. Mwaka 2010 timu ya mtafiti Harbour nchini Marekani ikaonyesha kinachojificha hapo: kati ya sampuli 31 za kundi la hatari, 26 zilikuwa na jeni ya BAP1 iliyoharibika. Nakala moja imekwenda na kromosomu, iliyobaki ni mbovu. Saratani hii ikisambaa, mara nyingi hukimbilia ini, hata miaka kadhaa baada ya jicho kuondolewa.

Sasa kimeng'enya kinakwamaje nje? Wakati mwingine ni kwa sababu kimekatika mkiani, kwenye kipande kinachokipa ruhusa ya kuingia kiinini. Njia nyingine inanifurahisha zaidi: kimeng'enya kiitwacho UBE2O hupachika ubikwitini palepale kwenye kipande hicho, na BAP1 iliyo nzima hujibandua alama hiyo yenyewe na kuingia. Ile yenye ubovu kwenye sehemu yake ya kubandulia haiwezi, inabaki mlangoni.

Kwenye hadubini sianzi na seli za saratani. Naanza na limfosaiti, aina ya chembe nyeupe za damu, na kuta za mishipa midogo ya damu ndani ya kipande hichohicho. Viini vyao lazima viwe vimeshika rangi. Kama havikushika, slaidi ndiyo iliyofeli, na uvimbe hausomwi. Halafu kuna melanini, rangi ya asili ya seli hizi. Yenyewe ni ya kahawia, na rangi tunayotumia kwa kawaida maabara ni ya kahawia pia, kwa hiyo kwa melanoma agiza nyekundu, la sivyo utakuwa unakisia. Seli yenye saitoplazimu iliyokolea na kiini kitupu naihesabu kuwa imepoteza BAP1. Uvimbe ukiwa na eneo lililobaki nayo na eneo lililopoteza, andika yote mawili.

Usiibebe kanuni hii, kwamba kiini kitupu ni dalili mbaya, kila mahali. Kwenye saratani ya figo ya seli angavu inafaa: kupotea kwa BAP1 ni dalili mbaya vilevile. Lakini kwenye mesothelioma, ile saratani ya utando wa mapafu inayohusishwa na asbesto, viini vitupu kwanza vinatusaidia kuthibitisha kwamba ni saratani kweli, si utando uliokasirishwa na uvimbeuchungu wa kawaida. Na cha ajabu, waliozaliwa na jeni hiyo mbovu wakipata mesothelioma huishi muda mrefu kuliko wagonjwa wengine wa ugonjwa huohuo.

Slaidi haiwezi kukuambia kama ubovu umerithiwa au umezuka kwenye uvimbe tu. Ndiyo maana, nikiona viini vitupu, naandika chini ya ripoti daktari aulize habari za saratani kwenye ukoo: jicho, figo, ngozi, mesothelioma. Akipata hata ndugu mmoja aliyeugua, damu ya mgonjwa ipelekwe kupimwa jeni, na ndugu zake waelezwe.