"Leo sikuusikia uwepo": tunayoyakosea kuhusu kuwa macho mbele za Mungu

Ibada ikiisha utasikia mtu akisema, "Leo uwepo wa Mungu ulishuka!" Wiki inayofuata huyohuyo anatoka mnyonge: "Leo sikuusikia kabisa." Nami nimeyasema maneno hayo kwa miaka. Ndani yake imejificha dhana inayowachosha Wakristo wengi, kwamba Mungu yupo mwili unaposisimka, na moyo ukiwa mkavu ameondoka.

Maandiko hayasemi hivyo. Yakobo alilala njiani akimkimbia ndugu yake, jiwe ndilo mto wake. Alipoamka alisema, "Kweli Bwana yupo mahali hapa, wala mimi sikujua." Hakusema Bwana amekuja. Bwana alikuwapo tangu jioni, Yakobo ndiye aliyekuwa hajui. Kwa hiyo hatuna kazi ya kumshusha Mungu. Tuna kazi ya kuamka.

Na ukavu upo, tusidanganyane. Zaburi ya 88 inaishia gizani, ilhali mwenye kuiomba anamlilia Mungu mchana na usiku. Barua za Mama Teresa wa Kolkata zilizochapishwa mwaka 2007, miaka kumi baada ya kifo chake, zilionyesha kwamba alipita miongo mingi gizani moyoni, na bado alikuwa akiamka kusali na kuwahudumia maskini. Ningeona haya kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba hakuwa na uwepo.

"Hayo ni ya watawa na watu wenye nafasi"

Kuna mtawa mmoja ambaye habari zake zinaivunja dhana hii vizuri. Nicolas Herman alikuwa askari, akajeruhiwa vitani, kisha akaingia shirika la Wakarmeli mjini Paris akaitwa Ndugu Lawrence. Alipangiwa jikoni, kazi ambayo kwa tabia yake hakuipenda. Alikaa humo miaka mingi, baadaye akawa anatengeneza viatu vya wenzake, hadi alipofariki mwaka 1691. Aliona kwamba saa ya kazi haikumtenga na Mungu kuliko saa ya sala. Hakungoja apewe kazi nyingine ndipo aanze.

Chukua sufuria iliyoungua chini. Maji ya moto, povu, mkono unasugua palepale pasipotoka. Dakika haijaisha uko kwenye ugomvi wa jana, unatunga jibu ambalo ungempa yule mtu. Unashtuka. "Bwana, uko hapa." Unamtaja yule mtu kwa jina mbele za Mungu, hata kama kwa shingo upande, kisha unaendelea kusugua. Hiyo ni sala, na sufuria inatakata vilevile.

"Mawazo yakitangatanga, nimeshindwa"

Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa, nami nakaa hapa kidogo kwa sababu hiyo. Mtu anaazimia asubuhi kumkumbuka Mungu siku nzima, anashika simu, na mara ni saa sita mchana. Anajihukumu, kesho hajaribu tena. Lakini Lawrence huyohuyo alikiri kwamba mwanzoni muda wake wa sala uliishia katika kufukuza mawazo na kuyarudia, na miaka yake kumi ya kwanza ilikuwa ya mateso ya moyo. Akili hutangatanga, ndivyo ilivyo. Zoezi lenyewe ni kurudi. Ukiondoka mara ishirini, rudi mara ishirini, tena bila kujitukana njiani, maana kujitukana nako ni kujitazama mwenyewe badala ya kumtazama Mungu.

Wazee wetu wa imani waliujua udhaifu huu. Augustino, askofu wa karne za kwanza za Kanisa, alimwandikia mjane Proba kuhusu ndugu wa Misri waliosali mara nyingi kwa maneno machache yanayorushwa kama mshale, ili umakini usije ukachakaa kwa kurefusha. Waorthodoksi hadi leo wanarudia, "Bwana Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, unihurumie mimi mwenye dhambi." Sentensi moja inatosha kupanda nayo ngazi.

"Nikimwaza Mungu kutwa, kazi itaharibika"

Muuguzi anayepima dozi anatakiwa aipime dozi. Amkabidhi Bwana kazi hiyo kabla hajaishika chupa, kisha macho yake yote yawe kwenye chupa. Hata Martha, aliyemkaribisha Yesu nyumbani kwake, hakukemewa kwa sababu ya kuhudumu. Yesu alimwambia, "unasumbuka na kufadhaika kwa ajili ya vitu vingi." Mtoto akikuuliza swali nawe ukainua uso ukamtazama, hujamwacha Mungu.

"Nisipotambua wakati uleule, imepita"

Baada ya kufufuka kwa Yesu, wanafunzi wawili waliokuwa wakienda kijiji cha Emau walitembea naye bila kumjua. Walimtambua alipoumega mkate, naye akatoweka machoni pao, ndipo wakaulizana, "Je! Mioyo yetu haikuwaka ndani yetu hapo alipokuwa akisema nasi njiani?" Walikumbuka baadaye, na kukumbuka huko kuliwainua saa ileile wakarudi Yerusalemu. Ignatius wa Loyola, mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti katika karne ya 16, aliwafundisha watu kuikagua siku yao mbele za Mungu, wakianza na shukrani. Usiku huu, kabla usingizi haujakuchukua, ipitie siku yako tangu ulipofumbua macho: nani alikuja, neno gani lilikugusa, wapi ulipita haraka. Ukifika mahali moyo ulipowaka, simama hapo uzungumze na Mungu.