Bomba Likigonga, Usikimbilie Kulaumu Hewa

Bomba likigonga ukutani, wengi husema limeingia hewa. Mara nyingi sivyo. Hewa hulifanya bomba likohoe na kutema maji wakati koki iko wazi. Kile kishindo kimoja kizito, “du!”, unapofunga koki ghafla au mashine ya kufulia inapokata maji, ni maji yenyewe: yalikuwa mbioni, yakazuiwa, msukumo ukarudi nyuma kama wimbi na kulitikisa bomba lililolegea. Ajabu ni kwamba hewa iliyofungiwa kwenye kipande cha bomba kilichozibwa juu humeza kishindo hicho! Funga koki polepole, kaza vibanio vinavyoshika bomba ukutani, kisha pima presha. Ikizidi bar 5.5 (bar ni kipimo cha presha), weka kifaa cha kuipunguza. Koki inayovuma ikiwa nusu wazi mara nyingi ina mpira uliochakaa ndani yake. Badilisha.