Kikomo Kilichomo Ndani ya Kifurushi Kisicho na Kikomo: Maana ya Sera ya Matumizi ya Haki

Sera ya matumizi ya haki ni sharti linaloambatana na vifurushi vya intaneti vinavyouzwa kwa jina la "bila kikomo". Sharti hilo humpa mtoa huduma ruhusa ya kumpunguzia mteja kasi, au kumweka nyuma ya wateja wengine, pindi matumizi yake yanapovuka kiasi fulani cha GB ndani ya siku, wiki au mwezi. Kwa kawaida mteja hakatiwi mtandao wala hatozwi nyongeza, bali anaendelea kupata huduma ileile kwa kasi ndogo zaidi. Mara nyingi sharti hili haliandikwi kwenye bango kubwa la barabarani, bali hujificha ndani ya maneno manne yanayosomwa harakaharaka mwishoni mwa tangazo la redio: vigezo na masharti kuzingatiwa.

Anayenunua kifurushi cha kawaida cha GB 5 anajua anachokipata. Ujumbe wa asilimia 75 huingia, ukifuatiwa na ule wa asilimia 100, na bando likikata anaongeza salio au anangoja kesho. Kifurushi kisicho na kikomo hakina siku ya kukata, na hapo ndipo ugumu unapoanzia, kwa sababu mteja asiyepata ujumbe wowote hana namna ya kutambua kama amevuka kiwango, kama mtandao umeelemewa, au kama simu yake ndiyo yenye tatizo. Analipa mwezi mzima, anatumia nusu yake vizuri, na nusu iliyobaki anaishi na mtandao unaosuasua bila kuelezwa sababu.

Tuchukue mfano wa mama anayeuza dagaa kwa jumla katika soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, ambaye kila asubuhi huwapigia picha wateja wake wa Dodoma na Dar es Salaam ili wauone mzigo kabla ya kutuma fedha. Tuseme kifurushi chake kinampa kasi ya Mbps 10 (megabiti 10 kwa sekunde) mpaka afikishe GB 50, kisha kinashuka hadi kbps 512 (kilobiti 512 kwa sekunde). Kabla ya kufika kiwango hicho, picha yenye ukubwa wa MB 3 huondoka kwa muda usiozidi sekunde tatu. Baada ya hapo picha hiyohiyo huchukua karibu sekunde 47, na kama masharti yanasema kasi inashuka hadi kbps 128, huchukua zaidi ya dakika tatu. Ujumbe wa maandishi utapita bila shida katika hali zote mbili, lakini video fupi ya kuonyesha dagaa walivyokauka itamtesa, na mteja wa Dodoma hatangoja, kwa kuwa muuzaji mwingine aliyepanga magunia yake hatua chache kutoka hapo amekwisha kutuma ya kwake.

Hesabu hizi kila mtu anaweza kuzifanya mwenyewe. Kasi ya mtandao hupimwa kwa biti, ilhali ukubwa wa faili hupimwa kwa baiti, na baiti moja ni biti nane. Kwa hiyo Mbps 1 maana yake ni kupitisha kiasi cha KB 125 tu kwa sekunde. Faili la GB 1 likipita kwa Mbps 10 linachukua dakika 13 na kidogo. Likipita kwa kbps 512 linachukua zaidi ya saa nne, na kwa kbps 128 linachukua zaidi ya saa 17. Kuna jambo jingine ambalo matangazo hayalisemi: simu ikiachwa ipakue usiku na mchana bila kupumzika kwa kasi ya kbps 128, haiwezi kufikisha hata GB 1.4 kwa siku. Kikomo kipo, ila badala ya kuandikwa kwa GB kimewekwa kwenye kasi.

Sharti lenyewe lina sababu ya kweli. Mnara wa simu kwa kawaida hugawanywa katika pande tatu, na kila upande una uwezo wake wa kupitisha data, kutegemea upana wa masafa ambayo kampuni imepewa leseni ya kuyatumia na teknolojia iliyofungwa pale juu, iwe 3G, 4G au 5G. Simu zote zilizoshika upande mmoja zinagawana uwezo huo. Ifikapo saa mbili usiku, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino waliopanga vyumba Malimbe na Nyegezi wamerudi, kila mmoja amefungua video au anapakua masomo, na mtu mmoja mwenye ruta, yaani kifaa cha kusambaza intaneti nyumbani, inayoshusha filamu moja baada ya nyingine anaweza kuwapunguzia majirani zake wote. Kampuni isiyoweka mpaka wowote italazimika kupandisha bei kwa kila mteja, pamoja na yule anayetumia GB 3 tu kwa mwezi, ili kugharimia matumizi ya wachache. Kwa hiyo sioni kosa lolote katika kuwepo kwa mpaka.

Ninachokipinga ni namna mpaka unavyowekwa na namna unavyotangazwa. Kiwango cha GB kwa mwezi hakiangalii kama mnara umeelemewa au la. Mtu aliyevuka kiwango tarehe 18 atapunguziwa kasi saa tisa usiku, wakati simu nyingi za mtaa zimelala na uwezo wa mnara unapotea bure, kama vile anavyopunguziwa saa mbili usiku. Sharti la namna hiyo halimlindi jirani yeyote kwa saa zile za usiku wa manane. Linachofanya ni kumsukuma mteja anunue kifurushi cha juu zaidi. Ipo njia nyingine, nayo ni kumweka mteja mwenye matumizi makubwa nyuma ya wengine pale tu mnara unapojaa, na kumwachia kasi yake yote unapokuwa mtupu. Njia hii ina uhusiano wa moja kwa moja na sababu inayotajwa na kampuni zenyewe, yaani kugawana kilichopo, na ndiyo pekee ninayoona inastahili kuitwa ya haki.

Marekani imekwisha kupitia mgogoro huu mahakamani. Mwaka 2014 Tume ya Biashara ya Shirikisho iliishtaki kampuni ya simu ya AT&T kwa kuwauzia wateja data isiyo na kikomo, kisha kuwapunguzia kasi bila kuwaeleza ipasavyo, baadhi yao wakiwa wametumia GB 2 tu katika mwezi wa malipo. Tume ilisema wateja zaidi ya milioni 3.5 waliguswa. Shauri lilimalizika mwaka 2019 kwa makubaliano ya dola milioni 60, na kampuni ikakatazwa kutangaza data isiyo na kikomo bila kuonyesha waziwazi mipaka yoyote ya kasi au kiasi. Mpaka wenyewe haukupigwa marufuku. Kilichokatazwa ni kuuficha.

Sera hizi hubeba pia masharti mengine madogo ambayo yafaa kusomwa: laini isiwekwe kwenye ruta, simu isigawe intaneti kwa vifaa vingine, au kifurushi cha nyumbani kisitumike kibiashara. Mwenye duka la kuchapa na kutoa kopi anayeendesha kompyuta tano kwa laini moja anaweza kuwa amevunja sharti hilo la mwisho bila kujua.

Kasi inaposhuka, sababu inaweza kutambuliwa kwa uvumilivu kidogo. Pima kasi saa mbili usiku, kisha upime tena saa kumi alfajiri ukiwa mahali palepale. Ikiwa alfajiri imepanda sana, tatizo ni msongamano. Ikiwa nyakati zote mbili inaganda kwenye namba ileile, tuseme kbps 500 na ushei, siku baada ya siku, basi yaelekea umevuka kiwango na sera imeanza kazi. Kwa Mwanza kuna sababu ya tatu inayosahaulika: miamba. Nyumba iliyojibanza nyuma ya jabali kule Igogo au Mabatini inaweza kupata mawimbi dhaifu ilhali mnara uko karibu, na ukisogea hatua chache hadi uwanjani kasi inabadilika kabisa. Kipimo chenyewe kinakula data, na kwenye mtandao wa kasi kubwa kimoja kinaweza kumaliza zaidi ya MB 100, kwa hiyo usipime kila baada ya dakika chache.

Kabla ya kulipa, muulize wakala au kituo cha huduma kwa wateja mambo matatu na usikubali majibu ya jumla: kiwango ni GB ngapi, baada ya hapo kasi inashuka hadi ngapi, na inarudi lini, usiku wa manane, kila wiki, au mpaka mwezi uishe. Kifurushi cha GB 100 kinachoshuka hadi Mbps 2 ni bora mara nyingi kuliko cha GB 120 kinachoshuka hadi kbps 128, hata kama tangazo la pili lina namba kubwa zaidi.

Anayeona amedanganywa aanze kwa kulalamika kwa mtoa huduma mwenyewe na kudai namba ya kumbukumbu ya lalamiko. Asiporidhika, anaweza kulifikisha kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ambayo ofisi yake ya Kanda ya Ziwa ipo hapa Mwanza. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inakataza biashara kumpotosha mteja. Lalamiko lenye uzito ni lile lenye ushahidi: picha ya tangazo kama lilivyoonekana siku ya kununua, ujumbe wa kuthibitisha malipo, na matokeo ya vipimo vya kasi yanayoonyesha tarehe, saa na mahali.